Rangi ya gari imeingia ukungu: usubiri, usugue au upulize upya?

Gari limeoshwa na kukauka, lakini juu ya boneti kuna baka limefubaa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ukilifuta kwa kitambaa linapungua kidogo, kesho lipo palepale. Ukiuliza, kila mtu ana dawa yake: liache lipigwe jua, lifute kwa siki, paka nta, piga kampaundi (polishi kali yenye chembe za kusugulia), piga msasa, mpelekee fundi alipulize upya. Na kila mmoja huenda anasema kweli, kwa sababu ukungu alioutibu yeye ulikuwa mwingine kabisa.

Dawa hizo sita nimeziweka hapa sambamba. Hakuna iliyo bora kwa kila gari. Ila nina msimamo mmoja ambao sitauficha: wengi huanza na dawa kali kwa sababu inang'arisha siku hiyohiyo, wakati tatizo lao lingeondoka kwa dawa isiyogusa rangi hata kidogo.

Unachokisugua ni chembamba

Magari mengi ya kuanzia miaka ya 1980 kuja huku yana rangi ya matabaka. Kuna praima, yaani rangi ya msingi, juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi ambalo ndilo linalong'aa na kukinga jua. Yote kwa pamoja, kwa rangi ya kiwandani, huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wa binadamu una karibu maikroni 70. Polishi, kampaundi na msasa vyote hufanya kazi kwa kukwangua klia hiyo, na iliyokwanguliwa hairudi.

Magari ya zamani na baadhi ya magari ya kazi yana rangi ya tabaka moja, isiyo na klia. Ikichakaa hutoa unga, na ukiisugua kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, kitambaa kinachukua rangi ya gari. Kwa rangi ya namna hiyo ni jambo la kawaida. Lakini kitambaa kikichukua rangi kwenye gari unalojua lina klia, simama hapohapo: klia imekwisha sehemu hiyo.

Ukungu uko juu, ndani, au chini?

Swali hili ndilo linalochagua dawa, na kulijibu kunahitaji vitu vya kawaida tu. Osha gari kwanza, likaushe, na ufanye majaribio kivulini bati likiwa limepoa.

Anza na maji. Lowanisha baka na ulitazame likiwa bichi. Likitoweka na kurudi linapokauka, uso umekwaruzika, umechakaa au umeliwa. Maji yameziba mikwaruzo kwa muda ndiyo maana umeona rangi nzuri. Habari njema, kwa sababu mara nyingi tatizo la juu linatibika. Baka likibaki na weupe uleule hata chini ya maji, ukungu umo ndani ya klia au chini yake.

Kisha pitisha ukucha taratibu kutoka sehemu nzima kuelekea kwenye baka. Ukihisi ukingo, hata mdogo, klia imeachana na rangi na inabanduka. Jaribio hili ulifanye hata kama lile la maji limekupa matumaini, maana klia iliyobanduka nayo huonekana nzuri kwa muda ikilowa. Hakuna polishi duniani inayogundisha klia upya.

Futa sehemu ndogo kwa spiriti, yaani alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji. Ukungu ukiondoka, yalikuwa mabaki ya nta au polishi. Ukizidi na mistari mipya ikajitokeza, basi mtu aliyekutangulia aliifunika kwa mafuta, na sasa unaona hali halisi.

Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya rangi safi. Plastiki huongeza hisia za vidole, na chembe zilizoganda utazihisi zikikwaruza ingawa macho hayazioni. Kisha washa tochi na uisogeze. Mistari ya pinde inayotembea pamoja na mwanga ni alama za mashine ya polishi iliyotumiwa vibaya.

Usisahau umbo na mahali. Vijiduara vyenye ukingo mweupe ni maji ya chumvichumvi yaliyokauka juu ya bati. Ukungu ulioenea juu ya boneti, paa na buti huku milango ikiwa mizima ni kazi ya jua. Mabaka ya maziwamaziwa yaliyojitokeza baada ya gari kukaa siku kadhaa chini ya turubai lenye unyevu ni maji yaliyonaswa. Na kama ni paneli moja tu iliyofubaa wakati nyingine zote zinang'aa, kuna uwezekano mkubwa paneli hiyo ilishapuliziwa upya siku za nyuma.

Mambo mawili kabla hujaendelea. Kama gari lina rangi ya mati iliyotengenezwa ising'ae, weka polishi na kampaundi kando kabisa. Ukisugua, utatengeneza baka linalong'aa ambalo halirekebishiki bila kupuliza. Na kama gari limebandikwa utando wa plastiki wa kulinda rangi, huenda kilichoingia ukungu ni utando, rangi iliyo chini yake iko salama.

Vigezo

Kila dawa nimeipima kwa maswali yaleyale. Inafika kina gani? Inakula klia kiasi gani? Inadai vifaa na ujuzi gani? Matokeo yatakaa muda gani? Ukikosea, unaweza kurudi nyuma? Hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito mkubwa kuliko yote, hata kuliko mng'ao. Mwishoni mwa kila dawa nimesema inamfaa nani.

1. Kuliacha likauke

*Inafika wapi:* unyevu ulionaswa ndani ya rangi. Klia si kioo. Maji yakigandamizwa juu yake siku nyingi, kwa turubai bichi, kwa jani pana, kwa bango la sumaku mlangoni, mvuke hupenya na kuacha weupe. Mpaka wa baka mara nyingi hufuata umbo la kitu kilichofunika, na ukiliona hilo umeshapata jibu.

*Klia:* haiguswi.

*Vifaa na ujuzi:* jua la kawaida na hewa kavu. Anayetaka kuharakisha anaweza kutumia mashine ya kukaushia nywele kwa joto dogo, akiisogeza muda wote. Bunduki ya joto ya fundi ni kali mno kwa mkono usiozoea, hasa kwenye bampa la plastiki.

*Kudumu:* ukikauka umekwisha, mradi sababu imeondolewa. Turubai lilelile likirudishwa juu ya gari bichi, mabaka yatarudi.

*Kurudi nyuma:* hakuna cha kurudia, hujafanya kitu.

*Inamfaa nani:* aliyetoa gari kwenye kifuniko juzi, au aliyeona ukungu baada ya mvua za mfululizo. Mabaka ya namna hii yanaweza kufifia kwa saa chache au siku chache. Hali ya hewa ikiwa kavu wiki moja au mbili na baka halijabadilika, acha kusubiri. Ama haukuwa unyevu, ama unyevu umeshaharibu rangi.

2. Kusafisha kwa kina

*Inafika wapi:* kitu kilichokaa juu ya klia. Hapa kuna vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina kiondoaji chake. Chumvi za maji magumu, yaani kalisi na magnesi, huyeyushwa na asidi nyepesi: siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kitambaa kilicholoweshwa kikalazwa juu ya madoa dakika moja au mbili, kisha maji mengi ya kusuuzia. Vumbi la chuma linalotoka kwenye breki huondolewa kwa dawa maalumu inayogeuka zambarau inapokutana na chuma. Utomvu, lami na chembe nyingine zilizong'ang'ania huondolewa kwa udongo wa kusafishia rangi, ule unaonyumbulika, unaotelezeshwa juu ya uso uliolowa maji ya sabuni.

*Klia:* siki na spiriti haziikwangui. Udongo unaweza kuacha mikwaruzo hafifu ukitumiwa kwa nguvu au ukiwa umechafuka, kwa hiyo ukande mara kwa mara ili upate uso safi. Ukianguka chini, utupe. Chembe moja ya mchanga iliyonata humo itachora boneti nzima.

*Vifaa na ujuzi:* uvumilivu tu. Sharti ni kivuli na bati baridi, kwa sababu bati jeusi juani hupita nyuzi 60 za Selsiasi na siki hukauka juu yake kabla hujageuka.

*Kudumu:* mpaka uchafu urudi. Gari linaloegeshwa karibu na mpira wa kumwagilia bustani litapata madoa yaleyale, na dawa ya kweli hapo ni kubadilisha mahali pa kuegesha.

*Kurudi nyuma:* karibu hakuna hatari. Kumbuka tu kwamba nta yote iliyokuwepo imeondoka, rangi iko uchi.

*Inamfaa nani:* kila mtu, kama hatua ya kwanza. Hata ukiamua kupiga mashine baadaye, kusugua uchafu ndani ya rangi ni kujitafutia kazi.

3. Nta, na polishi za kujaza

*Inafika wapi:* haiondoi kitu. Inajaza mikwaruzo na kuipa rangi unyevunyevu wa mafuta, ile hali uliyoiona ulipomwagia maji.

*Klia:* nta tupu haiikwangui. Soma kopo hata hivyo, maana bidhaa zinazouzwa kwa jina la "nta ya kusafisha" huwa na chembe za kusugulia.

*Vifaa na ujuzi:* kitambaa cha maikrofaiba na mkono. Ukipaka nene juani itakauka vibaya na kuacha mabaka meupe, na utajikuta umeongeza ukungu uliokuja kuutibu.

*Kudumu:* nta ya asili hukaa wiki kadhaa hadi miezi miwili hivi. Kinga za kisasa za kemikali huenda miezi zaidi. Nta au kinga hiyo inapoondoka, ukungu unarudi ulivyokuwa.

*Kurudi nyuma:* unafuta kwa spiriti, umerudi ulipoanzia.

*Inamfaa nani:* watu huidharau njia hii na mimi naitetea. Mwenye gari kuukuu ambalo klia yake imebaki nyembamba, na hana mpango wa kupuliza mwaka huu, anafanya vizuri zaidi kwa nta ya mara kwa mara kuliko kwa kampaundi itakayomaliza kidogo kilichobaki. Upande wa pili, anayenunua gari linalong'aa kupita umri wake na aombe ruhusa afute kona moja kwa spiriti kabla ya kulipa.

4. Polishi na kampaundi

*Inafika wapi:* sehemu ya juu ya klia iliyochakaa kwa jua, alama za mashine, mikwaruzo ya kuoshea, na madoa ya maji yaliyoanza kuila klia kidogo. Hii ndiyo dawa halisi ya ukungu mwingi wa boneti na paa, mradi jaribio la ukucha halikuonyesha ukingo.

*Klia:* polishi laini na pedi laini hula kidogo sana, maikroni moja au pungufu hadi mbili. Kampaundi kali na pedi ya sufu hula mara kadhaa zaidi. Linganisha na zile 35 hadi 50 na utaona kwa nini gari haliwezi kupigwa kampaundi kila sikukuu.

*Vifaa na ujuzi:* hapa ndipo pa kukaa kidogo. Kwa mkono inawezekana kwa baka dogo, lakini ni kazi ya jasho na mng'ao hautakuwa sawasawa. Mashine ziko za aina mbili. Moja huzunguka huku ikiyumba. Haipashi joto sana, na mwanafunzi akiwa mwangalifu hatachoma rangi kirahisi. Nyingine huzunguka moja kwa moja kama ya kukatia vyuma. Ni ya haraka, inapasha joto, na ndiyo inayoacha ile mistari ya pinde mkononi mwa asiyeijua. Fundi mzuri huifanya iimbe. Usijifunzie hiyo kwenye gari lako.

Kazi yenyewe huenda hivi. Ziba kwa tepu ya karatasi kingo zote na mikunjo ya bodi, kwa sababu rangi huwa nyembamba zaidi hapo. Chagua mraba wa sentimita 50 kwa 50 na uanze na polishi iliyo laini kuliko zote ulizonazo. Weka matone machache kwenye pedi, yasambaze mashine ikiwa polepole, kisha ongeza mwendo na pita mara nne hadi sita, safu juu ya safu, ukisogea kama sentimita tatu kwa sekunde. Gusa bati kwa nyuma ya kiganja: uvuguvugu si neno, likichoma acha lipoe. Futa, pitisha spiriti ili mafuta ya polishi yasikudanganye, kisha washa tochi. Kama ukungu umeondoka, umeshapata dawa ya gari zima na huhitaji kitu kikali zaidi. Kama umepungua tu, panda daraja moja. Wengi hufanya kinyume, wanaanza na kampaundi halafu wanahangaika kuondoa mikwaruzo ya kampaundi.

*Kudumu:* miezi mingi hata miaka, kama utaifunika kwa nta au kinga nyingine mara baada ya kumaliza na kuendelea kuirudishia. Klia iliyosuguliwa ikaachwa uchi hufubaa haraka.

*Kurudi nyuma:* mikwaruzo ya polishi hurekebishwa kwa polishi laini zaidi. Klia iliyotobolewa hairekebishwi.

*Inamfaa nani:* mwenye rangi ya kiwandani isiyowahi kuguswa, au anayejua historia ya gari. Kwa gari lililopita mikono mingi, kipimo cha unene wa rangi ni cha lazima. Vipimo vya kawaida husoma juu ya chuma au alumini. Kwenye bampa la plastiki havisomi kitu, hivyo bampa lichukulie kwamba ni jembamba siku zote.

5. Msasa wa maji

*Inafika wapi:* mashimo. Kinyesi cha ndege kilichopikwa na jua ni mfano mzuri: klia hulainika kwa joto, huvimba kukizunguka kinyesi kinapokauka, kisha hupoa na kukamata umbo hilo. Unabaki na kidoa chenye mipaka ambacho polishi hupita juu yake bila kufika chini.

*Klia:* inaliwa sana. Msasa namba 2000 au 3000 huondoa maikroni kadhaa, halafu kampaundi na polishi za kufuta alama za msasa huongeza nyingine.

*Vifaa na ujuzi:* msasa ulioloweshwa, kibao laini cha kuushikia, maji yenye tone la shampuu, kipimo cha unene, na mashine ya kumalizia. Ukishapitisha msasa, sehemu yote inakuwa nyeupe na imekufa. Ndivyo inavyotakiwa, lakini asiyejua huingiwa na hofu na kuzidisha.

*Kudumu:* shimo likishasawazishwa halirudi. Ulichopunguza ni umri wa klia mahali hapo.

*Kurudi nyuma:* hakuna.

*Inamfaa nani:* fundi, kwa doa dogo, au rangi iliyopuliziwa upya kwa klia nene. Kwa ukungu ulioenea paa zima la gari la kiwandani, sioni sababu ya kuanzia hapa.

6. Kupuliza upya

*Inafika wapi:* kila mahali. Ndiyo njia pekee iliyobaki kwa klia inayobanduka, rangi iliyotobolewa, na ukungu ulionaswa chini ya klia usiokubali kukauka.

*Klia:* unapata mpya. Ya zamani iliyolegea lazima ikwanguliwe mpaka kwenye tabaka lililoshika vizuri. Fundi anayetaka kupuliza klia mpya juu ya ukingo unaobanduka anakuuzia miezi michache.

*Vifaa na ujuzi:* hii si kazi ya uani. Klia ya kuchanganya na hadina, yaani kigumishio, ina isosianeti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Mpulizaji anahitaji barakoa yenye hewa ya kuletwa kwa mpira, na kitambaa puani hakisaidii chochote. Makopo madogo ya kupuliza yasiyo na hadina hayana hatari hiyo kwa kiwango hicho, lakini klia yake ni dhaifu mbele ya jua na petroli. Mtajie fundi pia kila nta na polishi uliyopaka. Nyingi zina silikoni, na isipoondolewa vizuri rangi mpya hukimbia na kuacha vishimo vya duara.

*Kudumu:* kazi nzuri hukaa miaka mingi. Klia ipulizwe paneli nzima kutoka ukingo hadi ukingo. Ikiishia katikati ya paneli, mstari wa kuungana huja kuonekana siku moja, na mara nyingi ndiko klia inakoanzia kubanduka tena.

*Kurudi nyuma:* unaweza kupuliza tena, kwa gharama ileile. Kitu kisichorudi ni rangi ya kiwandani, na kwa rangi za metali kuoana na paneli ya jirani ni kazi ya jicho hata ukiwa na namba sahihi ya rangi.

*Inamfaa nani:* aliyehisi ukingo kwa ukucha na anayekusudia kukaa na gari.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Ukungu ulitokea ghafla baada ya kufunika gari au baada ya mvua nyingi: namba 1, na usiguse kitu kingine mpaka paneli ikauke kabisa. Kusugua rangi iliyolainishwa na unyevu ni kuiharibu bure.

Hujui umetoka wapi, na kucha haihisi ukingo: namba 2, kisha mraba mmoja wa namba 4 kwa polishi laini. Matokeo ya mraba huo yatakuambia kama uendelee mwenyewe au utafute fundi.

Boneti na paa vimefubaa, gari ni lako tangu jipya: namba 4, ikifuatwa na namba 3 kila baada ya miezi michache. Hapa namba 3 inakuja kama kinga.

Gari ni kuukuu, limeshapigwa mashine na watu usiowajua, na huna kipimo cha unene: namba 2 na 3. Mng'ao utakuwa wa wastani, lakini klia itaendelea kuwepo.

Doa moja lenye shimo, kila kitu kingine kizuri: jaribu polishi mahali hapo tu. Kama halitoki, amua kati ya kuishi nalo na kumpa fundi wa namba 5. Kuishi nalo si aibu.

Klia inabanduka lakini hutaki kupuliza sasa: nta itapunguza sura mbaya, haitazuia kuenea. Usipige maji ya presha kwenye ukingo, na usiuchokonoe kwa kucha kila unapopita. Najua inavuta mkono.

Unataka kuuza gari: namba 2 na polishi laini zinatosha. Paneli moja iliyopuliziwa upya haraka humtia mnunuzi shaka ya ajali kuliko paneli iliyofubaa kidogo.

Paneli ilipuliziwa upya karibuni na sasa imeingia weupe: inawezekana ilipulizwa siku yenye unyevu mwingi, tina (kiyeyusho cha rangi) ikavukiza haraka, uso ukapoa na mvuke wa hewani ukanaswa ndani. Rangi mpya pia huendelea kutoa mvuke wa tina, ndiyo maana watengenezaji wengi wa rangi hutaka isipakwe nta kwa siku 30 au zaidi. Piga picha baka likiwa kavu na likiwa limelowa, kisha rudi kwa aliyepuliza kabla hujapaka wala kusugua kitu chochote. Ukishapitisha kampaundi, hakuna atakayeweza kusema kosa lilikuwa lake au lako.